Ulichanjwa Mkono Upi?

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho na kwenye faili la hospitali tu. Kazini kila mtu alimwita Mashoto, kwa kuwa alikata vitambaa kwa mkono wa kushoto, na mkasi wake uliotengenezwa kwa ajili ya mkono huo haukukubali kumtumikia mtu mwingine. Wageni waliouchukua wakidhani ni mkasi kama mikasi mingine waliishia kukitafunatafuna kitambaa, kisha wakaurudisha mezani kimyakimya.

Alikuwa mkataji katika karakana ya kushona sare: za shule, za wauguzi, za walinzi. Miaka kumi na moja alisimama kwenye meza ileile ndefu, akichora kwa chaki, akikata, akifunga mafungu ya mikono na kola na kuyapeleka kwa washonaji. Aliipenda kazi yake kwa sababu haikuhitaji maneno mengi. Washonaji walikaa safu mbili wakipiga soga juu ya kelele za cherehani. Yeye meza yake ilikuwa mwisho wa chumba, akitazamana na meza ya kupigia pasi tu.

Aliishi peke yake. Mumewe alishaondoka siku nyingi, si kwa kifo bali kwa miguu yake mwenyewe. Binti yake wa pekee aliolewa akahamia mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi, na waliongea kwa simu kila Jumapili mchana, mjukuu akiwa amelala. Dada yake mkubwa alifariki miaka sita iliyopita kwa saratani ya titi. Mashoto ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho. Tangu hapo alijiwekea sheria: kila mwaka, mwezi uleule, anakwenda hospitali kupigwa picha ya matiti. Alikuwa akienda asubuhi, akirudi kazini kabla ya saa sita, na hakuna aliyejua alikotoka.

Mwaka huo mambo hayakwenda hivyo. Pale mapokezi alipewa fomu, akaijaza haraka bila miwani, upande wa nyuma hata hakuugeuza. Akapigwa picha, titi likibanwa kati ya vibao viwili baridi kama kawaida, akaambiwa asubiri nje. Akasubiri. Wanawake waliokuja nyuma yake wakaitwa, wakavaa, wakaondoka. Yeye bado yupo na khanga ya hospitali mabegani. Hatimaye mpiga picha akachungulia mlangoni.

"Mama, daktari anataka kukutazama kwa altrasaundi. Chumba cha pili."

Dada yake naye alianza hivyohivyo, chumba cha pili.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake, mwenye sauti ya upole na mikono yenye haraka. Alimpaka mafuta baridi kwapani, akapitisha kile kifaa huku na huku, upande wa kushoto muda mrefu, upande wa kulia muda mfupi. Kisha akaugeuza uso wa mashine ili Mashoto naye aone.

"Matiti yenyewe ni safi," alisema. "Sioni kitu. Lakini hapa kwapani, kushoto, unaona hivi vitu kama maharagwe? Hizi ni tezi. Kila mtu anazo. Zako tatu zimevimba. Kulia zimetulia."

"Zimevimba kwa nini?"

"Ndicho ninachotaka kujua. Huna kidonda mkononi? Jipu? Umepata chanjo yoyote hivi karibuni? Fomu yako upande wa nyuma iko tupu."

Mashoto akakumbuka. "Ndiyo. Ya korona, ile ya nyongeza. Walikuja kutuchanja kazini, Ijumaa, leo wiki mbili na siku tatu."

Uso wa daktari ukafunguka kidogo. "Basi huenda ndiyo hiyo. Ukichanjwa, tezi za upande uleule huamka kufanya kazi yake, zikavimba. Kwenye picha zinaonekana vilevile kama zenye ubaya. Si wewe wa kwanza. Ulichanjwa mkono upi?"

"Wa kulia," alijibu papo hapo. "Mimi natumia kushoto. Sindano zote huwa natoa wa kulia ili kesho yake niweze kukata nguo."

Daktari alitazama tena mashine, upande wa kushoto, yale maharagwe matatu meusi.

"Una hakika?"

"Huwa ni hivyo."

"Mama, sikuulizi huwa. Nakuuliza siku ile."

Mashoto alijaribu kuiona Ijumaa ile: foleni kwenye chumba cha karani, harufu ya spiriti, muuguzi mwenye glavu. Mkono haukuja. Aliyaona yote isipokuwa mkono.

Daktari akamweleza taratibu. Kama alichanjwa kushoto, mambo yanaelekeana, atakwenda nyumbani na kurudi baada ya wiki kumi kutazamwa tena. Kama alichanjwa kulia, basi tezi za kushoto hazina kisingizio, na kwa mtu aliyefiwa na dada kwa ugonjwa ule hawawezi kukaa na kungoja. Watachukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano nene, kipelekwe maabara.

"Nyumbani hakuna anayeweza kukumbuka?" aliuliza. "Mtu aliyekukanda, au aliyekusikia ukilalamika mkono unauma?"

"Nyumbani niko peke yangu."

Daktari aliandika. "Nakuweka Ijumaa kwa ajili ya sindano. Ukipata uhakika kabla ya hapo, nipigie namba hii. Ila nataka uhakika, usinipigie kwa sababu umeogopa."

Jioni ile Mashoto alitoa kadi yake ya chanjo kwenye bahasha ya vyeti. Tarehe ilikuwepo, namba ya kichupa ilikuwepo, sahihi ya mtu ilikuwepo. Mkono haukuandikwa. Alikaa kitandani akajibonyeza bega la kulia, kisha la kushoto, kama atakayeligundua jibu limelala pale. Mikono yote miwili ilikuwa mizima, haina habari.

Alijaribu kuzirudia zile siku. Jioni ya chanjo homa ilimpanda. Jumamosi na Jumapili alilala, mwili mzima ukimuuma, kichwa, kiuno, magoti. Mkono mmoja ungejitofautisha vipi katika zogo hilo? Alikunywa maji, akameza panadoli, akalala tena. Hakuna aliyesimama mlangoni kumuuliza, unaumwa wapi? Kama angeulizwa angejibu, na jibu lingebaki kichwani. Maumivu yale aliyameza mwenyewe bila kuyatamka, yakapita bila kuacha neno hata moja.

Akachukua simu akasoma ujumbe wa Jumapili ile. Alikuwa amemwandikia binti yake: *Leo nina homa kidogo ya chanjo, tuongee wiki ijayo.* Binti alijibu: *Pole mama, pumzika.* Basi. Kilichomuuma zaidi ni kwamba ya dada yake aliyakumbuka yote. Alijua dada alilala ubavu wa kulia kwa mito mitatu, kwamba mkono wa kushoto ulivimba kuanzia kiwiko, kwamba maji ya kuoga aliyataka ya vuguvugu na si ya moto. Mwili wa mwenzake aliujua kuliko wake. Wake haukuwa na shahidi.

Hakumwambia binti. Alijiambia kwamba mtoto ana mtoto, ana kazi, ana mambo yake, na habari yenyewe bado haina kichwa wala miguu.

Jumanne alipiga simu kwa kituo kilichowachanja. Alimpata muuguzi mcheshi aliyelitafuta daftari kwa hisani yake, akarudi na tarehe na namba ya kichupa.

"Mkono je?"

"Mama, siku ile tulichanja watu zaidi ya mia mbili. Ningekumbuka mkono wako ningekuwa malaika, si muuguzi. Wengi huwa ni kushoto, lakini siwezi kukuapia."

Jumatano aliuliza kazini, akijifanya ni mzaha. Wakati wa chai ya saa nne alisimama kati ya safu za cherehani akasema, "Jamani, nani anakumbuka mimi nilichanjwa mkono gani?"

"Kwani unataka kuuuza?" mmoja alidakia, wote wakaangua kicheko.

"Kulia bila shaka," alisema mshonaji mkuu, mama mnene mwenye sauti kubwa ambaye kila kitu alikijua. "Wewe si mashoto? Mwenye shoto atatoa kushoto apate wapi mkono wa kukatia?"

Wengine wakakubali kwa vichwa. Mashoto naye akacheka, akarudi mezani kwake. Alifungua kitambaa cha bluu, akakichora, na mistari ikampinda kwa mara ya kwanza tangu ajue kushika chaki. Kumbe wote walikuwa wanajua jambo moja tu juu yake, lile la jina, na mengine yote walikuwa wanayakisia kutoka hapo.

Alhamisi asubuhi alikwenda kwa karani kuomba ruhusa ya kesho yake. Hakutaja sababu, naye karani hakuuliza. Alipokuwa akirudi alipita kwenye meza ya pasi kuchukua makoti ya wauguzi yaliyoshonwa vibaya, yaliyokuwa yakirudishwa kurekebishwa.

Mpiga pasi walimwita Mvuke. Alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, mwembamba, aliyefanya kazi pale kabla ya wote. Zamani alipiga pasi kwenye dobi kubwa la mashine, zile mashine zikamharibu masikio, na sasa alisikia tu kama unamfokea. Watu walichoka kumfokea, kwa hiyo walimwonyesha kwa vidole: hizi, zile, haraka. Naye aliitikia kwa kichwa. Miaka kumi na moja yeye na Mashoto wametazamana juu ya meza mbili, na pengine maneno waliyowahi kuambiana hayakujaa ukurasa.

Mashoto hakujua ni nini kilimsukuma. Labda kwa sababu alikuwa ameshamaliza watu wote. Alisimama mbele yake, akauonyesha mkono wa kushoto, akauonyesha wa kulia, akafanya kidole kuwa sindano, akanyanyua mabega.

Mvuke aliiweka pasi kwenye kibao chake. "Kushoto," akasema.

"Nini?"

"Nilikuwa nyuma yako kwenye foleni. Ulimpigia muuguzi bega la kulia hivi, kumwonyesha achome hapo. Lakini kiti kilikuwa kimebanwa na lile kabati la chuma la mafaili. Akashindwa kupita. Ukaona foleni ndefu, ukamgeuzia kushoto, umekunja uso." Mzee aliongea polepole, kwa sauti ya juu kidogo ya watu wasiojisikia wenyewe. "Na Jumatatu yake ulishika kikombe kwa mkono wa kulia. Chai ikakumwagikia kwenye sketi, ukaifuta na kitambaa cha kola. Nikasema moyoni, leo Mashoto anaumwa mkono."

Mashoto akahisi kitu kwenye kiwiko chake cha kulia, waziwazi kana kwamba kimemgusa sasa hivi: ubaridi wa chuma. Kabati. Aliegemea kabati. Sindano iliingia upande mwingine.

"Mzee Mvuke," alisema karibu na sikio lake, "mbona hukuniambia kitu siku ile? Hata pole?"

"Ningekupa pole, ungenijibu," alisema mzee. "Nisingekusikia, ungerudia, watu wangecheka. Nikaona nikuache."

Mashoto alipiga simu kwa daktari akiwa kwenye stoo ya nyuzi, mlango umefungwa. Alieleza habari ya kabati, ya kikombe, ya mzee asiyesikia. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ni huyo mzee anayekumbuka, au ni wewe?"

"Ni yeye alinikumbusha. Sasa nakumbuka mwenyewe. Kabati lilikuwa baridi."

"Sawa. Ijumaa tunaifuta. Rudi baada ya wiki kumi. Na mama, sijakuahidi kitu. Nimesema tu tungoje."

Wiki kumi ni nyingi kwa mtu asiye na wa kuhesabu naye. Mashoto alijikaza kisabuni. Alikata sare za shule, akakata za walinzi, akarudi nyumbani, akapika chakula cha mtu mmoja ambacho kila mara kilizidi. Asubuhi akioga alijipapasa kwapani, ingawa daktari alisema tezi zile ziko ndani na vidole vyake havitazipata. Jumapili alimsikiliza binti yake akieleza meno ya mjukuu, akasema, "Haya, mwanangu, Mungu akukuzie."

Mvuke peke yake ndiye aliyejua kwamba kuna jambo, na hata yeye hakujua ni jambo gani. Siku nyingine aliinua nyusi kutoka upande wa pili wa meza, akautazama mkono wake wa kushoto. Mashoto aliinua mabega: bado. Mazungumzo yenyewe yalikuwa hayo. Alishangaa jinsi alivyoanza kuyangojea.

Wiki ya saba Mvuke akastaafu. Waliletewa soda na biskuti, msimamizi akatoa hotuba ambayo mzee hakuisikia, watu wakapiga makofi. Alikuwa anakwenda kukaa kwa mdogo wake, mbali. Alimpa Mashoto mkono, akaubana, akaondoka na mfuko wake wa plastiki. Jumatatu meza ya pasi ilikuwa na msichana mpya mwenye visikilizio masikioni, mwenye adabu na kazi safi, ambaye kutoka asubuhi hadi jioni hakuinua macho kutoka kwenye nguo.

Siku ya picha ya pili Mashoto aliijaza fomu mbele na nyuma. *Kushoto*, aliandika, kwa herufi kubwa. Daktari alikuwa yuleyule. Mafuta yalikuwa baridi vilevile. Kifaa kilipita kwapani, kikarudi, kikapita tena, na Mashoto akakikodolea macho kipande cha dari kilichobanduka rangi.

"Zimerudi mahali pake," alisema daktari.

"Zote?"

"Zote tatu. Hebu tazama. Hii hapa ndiyo ile kubwa."

Mashoto akatazama. Lilikuwa haragwe dogo, la kijivu, halina makuu. Alilia kidogo, si sana. Daktari akampa karatasi za kujifuta, akamngoja, halafu akamwambia arudi mwakani kwa picha ya kawaida, na siku nyingine akichanjwa awaandikishe mkono kwenye kadi.

Nje, kwenye ukuta wa lango la hospitali, alisimama akapiga simu kwa binti yake. Ilikuwa Jumatano.

"Mama? Kuna nini?"

"Hakuna. Nimekupigia tu."

"Niko kazini, mama. Uko salama lakini?"

"Niko salama kabisa," alisema, na ilikuwa kweli, na haikumfaa kitu. Hakuwahi kumpa habari mbaya. Nzuri angeianzia wapi? Wakaagana mpaka Jumapili.

Alirudi kazini, akaenda moja kwa moja kwa karani kuomba namba ya Mvuke. Akapiga palepale. Alipokea mke wa mdogo wa Mvuke, akapiga kelele za kumwita shemeji, kisha ikasikika pumzi ya mzee.

"Ni mimi, Mashoto!"

"Nani?"

"Mashoto! Mkata nguo!"

"Sikusikii!"

Basi Mashoto akajaza kifua hewa, akapaza sauti ambayo hakujua anayo. "MASHOTO! ULE MKONO! NILIDHANIWA NINA SARATANI! SINA! ILIKUWA CHANJO TU!"

Ilikuwa saa nne barabara. Cherehani zilikuwa zimezimwa kwa ajili ya chai. Alipogeuka, mlango wa karani uko wazi, na safu mbili za washonaji zimemkodolea macho, vikombe hewani.

"Aah," ilisema simu, kwa furaha. "Mkono wa kushoto!"

Mshonaji mkuu ndiye aliyesimama kwanza. "Saratani ya nani?" aliuliza. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Mashoto, tangu lini?"

"Miezi miwili na nusu."

"Na sisi tuko hapa? Tunakuuliza unauza mkono, tunacheka, na wewe una hilo?" Alikaribia kukasirika, halafu akakaa. "Na mimi ndiye niliyesema kulia."

Mmoja alimvutia kigoda. Mwingine akamimina chai, akauliza sukari vijiko vingapi, na ikadhihirika kwamba katika miaka kumi na moja hakuna aliyejua. Vijiko viwili, alisema. Alikaa nao mpaka kengele ilipolia. Hawakuongea mambo makubwa. Kesho yake alikunywa chai mezani kwake kama kawaida, na siku iliyofuata mshonaji mkuu akamwita, akaenda.

Jumapili simu ilipoita, hakumwacha binti aanze habari za meno.

"Kaa chini," alisema. "Si jambo baya. Limekwisha. Lakini nataka nikusimulie."

Alisimulia tangu fomu. Binti hakumkatiza hata mara moja.

"Nani alikusindikiza, mama?"

"Nilikwenda mwenyewe."

"Mara zote mbili?"

"Mara zote mbili."

Kwa mbali mtoto aliamka akaanza kunung'unika, na binti hakwenda kumchukua.

"Mwakani ni lini?"

"Mwezi uleule. Tarehe kumi na nne. Lakini ni mbali, mwanangu, na likizo yako…"

"Nimekuuliza tarehe tu, mama."

"Kumi na nne."

Akasikia droo ikifunguliwa, ikifungwa, nyingine ikifunguliwa. Binti yake alikuwa anatafuta kalamu.

"Rudia," alisema.